Mwaka wa Damu ya Kambare

Tumemzika mama mudogo Anastazia juma lililopita, na sasa hakuna mtu aliye hai anayeweza kufungwa kwa maneno yangu. Kwa hiyo nitasema. Alikuwa mdogo wa mama yangu, mwanamke wa Walikale, mwenye mikono mipana na mdomo usiojua kufungwa, na katika maisha yake yote hakuna jambo alilolinyamazia isipokuwa hili moja, ambalo tulilinyamazia pamoja. Siku ya matanga nilikuwa nimekaa nyuma ya nyumba, kando ya mafiga, nikichambua maharage, wakati wasichana wawili waliokuwa wakiosha sufuria upande wa pili wa ukuta wa matete walipoanza kunizungumzia. "Ule koko, ule bibi mwenye kitambaa ya bleu," mmoja alisema, "njo alikuwa anatumika mu labo ya bazungu zamani. Banasema aliharibisha damu yote ya samaki juu mikono yake ilikuwa muchafu." Mwenzake akauliza damu ya samaki ilikuwa na kazi gani. "Nitajuaje? Mambo ya bazungu." Wakacheka kidogo, wakaendelea kusugua. Sikuinuka. Niliendelea kutoa mawe kwenye maharage, lakini nilipomaliza nilijua kwamba nimechoka kuwa mwanamke mwenye mikono michafu. Jina hilo nilijipa mwenyewe, kwa mdomo wangu, mbele ya watu. Mimi niliyejipa ndimi nitakayelivua.

Ilikuwa katikati ya miaka ya hamsini, na chumba chenyewe kilikuwa juu ya kilima, si mbali na Nyamitaba, katika kituo kidogo cha mabwawa ya samaki. Ninaweza kukitembea chumba kile hata leo nikiwa nimefumba macho. Ukuta wa mbao, sakafu ya saruji iliyopasuka pembeni, dirisha moja linalotazama malisho, na baridi ya asubuhi iliyotufanya tupulize vidole kabla ya kushika kitu. Kulikuwa na meza ndefu iliyofunikwa zinki, na juu yake mashine ya kuzungushwa kwa mkono ambayo ilitenga damu, na sanduku la kioo lenye maji ya chumvi pande zote mbili, na nyaya zilizotoka nje kwenye jenereta. Harufu ilikuwa ya samaki, ya pombe ya hospitali na ya mafuta ya jenereta, na wageni waliingia wameziba pua. Mimi niliipenda. Watu wananitazama vibaya ninaposema hivyo. Wananiambia kwamba wakati ule baba zetu walikuwa wakilimishwa kwa lazima, na wazungu walikuwa na muda wa kuchezea damu ya kambare. Ni kweli, na sijasahau. Lakini nilikuwa msichana aliyefundishwa na masista kuchoma sindano na kuchemsha bandeji, na nyuma yangu hapakuwa na kitu kingine isipokuwa jembe. Mtu alinifungulia mlango wa chumba chenye mashine, nikaingia, na sitaomba radhi kwa hilo.

Niliingia kwa sababu ambayo bado inanichekesha. Bwana mwenye kazi ile, Mbelgiji kijana, mwembamba, wa homa za kila mara, alikuwa amewaita vijana wawili wa kilimani waliomaliza shule. Walikuwa na mwandiko mzuri na viatu. Lakini walikuwa wamekulia mahali pa maziwa, viazi na mtama, na kwao samaki asiye na magamba hakuwa chakula wala kitu cha kushika. Bwana alipowawekea kambare mezani, yule mnyama mweusi mwenye ndevu akajipinda, mmoja akatoka nje, mwingine akasema ataandika tu, hatashika. Sista akanitaja mimi. Nilikuja na aproni yangu ya dispanseri, nikamshika kambare nyuma ya miiba yake ya mashavu kama nilivyomshika tangu utoto, akatulia. Tangu siku hiyo meza ikawa yangu. Aliyebaki kuwa mkubwa wangu alikuwa Papa Leonari, mtu mzima wa Karuba aliyekuwa mpimaji wa damu katika hospitali ya misheni, ambaye alivaa koti jeupe hadi kanisani. Yeye pia hakushika kambare. Alisimama mkono mmoja kutoka kwangu, akanifundisha kwa kuelekeza kidole. "Seringi iko kavu? Angalia tena. Tone moja ya maji, damu inapasuka. Ikipasuka, kazi ya siku yote imekufa." Nilikausha. Nilikausha sindano zile hadi ndotoni.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Unamchoma samaki mkiani, chini ya uti wa mgongo, unavuta damu polepole. Unaiacha igande. Juu ya lile donge panabaki maji ya rangi ya nyasi kavu, nayo ndiyo seramu. Unaweka tone lake kwenye ukanda wa karatasi uliolowa, unaulaza ndani ya sanduku la kioo, unafungulia umeme, na zile protini zilizomo ndani ya seramu zinaanza kutembea juu ya karatasi, nyingine haraka, nyingine kwa uvivu. Ukikausha ukanda na kuutia rangi, unaona mistari ya buluu pale kila protini ilipochokea. Kila aina ya samaki ina mistari yake. Tilapia wa bwawani ana yake, kambare ana yake, wale samaki wa mtoni wenye magamba makubwa wana yao. Bwana alitaka kujua kama kambare wa maziwa ya Mokoto, kule juu, na kambare wa vijito vinavyoingia mto Lowa, kule chini Walikale, ni samaki mmoja au wawili. Kwa macho hawakufanana. Wa ziwani alikuwa mnene, wa kijivu. Wa msituni mwembamba, mweusi, kichwa bapa. Papa Leonari alisema wa msituni ni mjanja kama watu wa kwetu. Nilimjibu kwamba wa ziwani ni mzito kama watu wa kwao. Hivyo ndivyo tulivyosalimiana kila asubuhi.

Watu wa kilima walimwita mzungu wetu Bwana Damu. Walisema anaanza na samaki, atamaliza na watu. Mama mmoja aliyetuuzia viazi alikuwa akiweka kikapu mlangoni na kuondoka kabla sijatoka. Samaki waliokwisha kutolewa damu tuliwala, kwani nani angetupa nyama nzuri namna ile? Niliwachoma kwenye kibanda nyuma ya chumba, kwa chumvi na pilipili, na kuwala kwa bugali ya muhogo niliyoletewa kutoka nyumbani. Kwa majuma mengi nilikula peke yangu. Papa Leonari alikaa upande wa upepo na viazi vyake vya kuchemsha, akitazama pembeni. Siku moja mvua ilinyesha tangu alfajiri na viazi havikuja. Alizunguka kibanda, akazunguka tena, kisha akakaa. "Unipatie mukia tu," alisema. Nikampa mkia. Alikula, akalamba vidole, akasema ina ladha ya udongo, akaomba kipande cha katikati.

Samaki wa Mokoto waliletwa na wavuvi wa huko, na damu yao ilitoka safi. Wa Walikale walitoka kwa mama mudogo Anastazia. Nilimwambia Bwana kwamba kijiji cha mama yangu kiko kando ya kijito chenye kambare, na kwamba wanawake wa pale wanajua kuwatoa wazima. Kamyo, lori la kituo, ilishuka na Papa Leonari, ikarudi na mapipa ya maji. Samaki wakafika wakubwa, wengi, wakipumua kwa shida, wamelegea. Tulisema ni uchovu wa njia. Nikawachoma kama kawaida. Damu ikaganda, na juu yake, badala ya maji ya rangi ya nyasi, yakatoka maji mekundu kama divai ya misa. Kwenye karatasi pakatokea mstari mpana, mchafu, uliofunika mingine yote. Papa Leonari alinitazama. "Mikono ya maji," alisema. Nilimwonyesha sindano, ilikuwa kavu. Safari ya pili ikawa vilevile. Ya tatu vilevile. Kazi yote ya msimu wa Walikale ikawa rundo la karatasi za kutupa, na wale vijana wawili wenye viatu, ambao mmoja wao alikuwa sasa karani wa kituo, wakaanza kusema njiani kwamba huwezi kumpa mwanamke wa msituni kazi ya vidole.

Ukuta wa mbao hauna siri. Siku moja nilikuwa naosha mirija ya kioo wakati Bwana alipokuwa akiongea chumba cha pili na ajenti wa teritware, yaani ofisa wa serikali wa eneo lile, mtu mkubwa mwenye kofia, aliyekuwa amepita kunywa kahawa. Nilikuwa najua Kifaransa cha masista, kinachotosha. Ajenti alikuwa akilalamika kwamba kule Walikale wanawake bado wanaua vijito kwa utupa, ile mimea ambayo ikipondwa na kutiwa majini hutoa povu kama sabuni, na samaki wakaelea wamelewa. Sheria ilikwisha kukataza. Alisema akimpata mmoja atamfunga na kumlimisha barabara ili wengine waone. Nilisikia kikombe cha Bwana kikirudi kwenye kisahani. Kisha akauliza, taratibu kabisa, sumu hiyo inafanya nini kwa damu. Ajenti akacheka, akasema yeye si samaki. Mimi niliweka mrija chini, nikasogea karibu na ukuta.

Ajenti alipoondoka Bwana aliniita. Hakuwa mtu mbaya. Ninasema hivi ili mtu asidhani ninasimulia habari ya zimwi. Alikuwa na aibu ya mtu ambaye kazi yake inaharibika na hajui pa kuishika.

"Rejina," alisema kwa Kiswahili chake, "seramu ya Mokoto iko safi. Ya Walikale iko nyekundu. Mukono ni moja. Ao kuna maji mu seringi, ao kule chini banatia dawa mu maji. Ni gani?"

"Sijui, Bwana."

"Unatoka kule. Unajua bamama ya kule."

"Ninabajua. Ni bamama."

"Mukubwa yangu atafika, atauliza. Kama ni dawa, unipe jina ya muntu. Kama si dawa, ni wewe, na utarudia kwenu."

Nilimtazama machoni, jambo ambalo hatukufundishwa. "Nipatie kamyo," nikasema. "Nitaenda kuona."

Nilijua nitakachokuta kabla sijafika. Mama mudogo alikuwa jikoni, mtoto mgongoni, akikoroga sombe, yale majani ya muhogo, katika chungu, na moshi ulikuwa umejaa hadi kwenye paa. Alinipa kigoda, akanipa ndizi ya kuchoma, akaanza kunieleza habari za kila mtu wa kijiji kabla sijameza. Nikamkata. Nikamuuliza samaki wa kamyo aliwatoaje. Mwiko ukasimama.

"Mutoto wangu, ile kamyo inakuja bila kusema," alisema. "Kukausha kijito kunakula siku muzima, na bamama beko mu mashamba. Leonari anasimama pale ku barabara, anapiga honi. Nifanye nini? Nikutumie tusamaki tudogo, baseme mutoto wa Anastazia hana bantu? Niliponda kidogo tu. Mu shimo moja."

"Banasema mikono yangu iko muchafu."

"Nani anasema?"

"Bote. Banataka kunifukuza."

Akafungua kanga, akamshusha mtoto, akaanza kutafuta viatu vyake. "Twende. Nitamwambia ule muzungu mwenyewe."

"Utafungwa."

"Nifungwe. Wewe ubakie mu kazi yako."

"Na huyu mutoto? Utalima naye barabara?" Nilimshika mkono. Msimu uliopita askari wa ajenti walikuwa wamemchukua mama mmoja wa kijiji cha jirani, na alirudi amekonda, mtoto wake akiwa ameachishwa ziwa na bibi yake. "Mama mudogo, mara moja tu mu maisha yako, unyamaze."

Alikaa chini. Alilia, na mimi nililia, kwa hasira zaidi kuliko huzuni. Alikuwa amefanya kosa ambalo ni mtu anayekupenda tu angeweza kulifanya. Alitaka nionekane mtu mwenye watu. Hakuna aliyemwambia kwamba sumu ile inapasua damu ndani ya samaki mzima. Ningemwambia nini? Mimi mwenyewe nilikuwa nimelikisia jambo hilo juzi tu, kutokana na swali la Bwana nyuma ya ukuta wa mbao. Tulipomaliza kulia nilimwambia tutakausha kijito kama mama zetu walivyokausha, kwa mikono, na kwamba Bwana atakuja. Nikamrudisha dereva wa kamyo kituoni akamwite aje aone damu mwenyewe.

Kwetu kukausha kijito ni kazi ya wanawake peke yao. Unajenga ukuta wa matope na migomba juu, mwingine chini, halafu mnaingia katikati na kutoa maji kwa vikapu vilivyopakwa udongo, hadi samaki wabaki wakirukaruka kwenye tope. Mwanamume hakaribii. Akionekana tu, samaki wanazama katika matope na hawatoki, hivyo ndivyo tulivyoambiwa, na zaidi ya hayo nyimbo zinazoimbwa pale zinawataja wanaume kwa majina na haziwasifu. Bwana alifika na buti ndefu na Papa Leonari, na kamyo iliyobeba meza, mashine ya kuzungusha na sindano zangu. Alitaka kushuka kijitoni. Alisema lazima aone kwa macho yake kwamba hakuna dawa. Mama mudogo akasimama katikati ya njia, matope hadi magotini, kikapu kiunoni.

"Rejina, umwambie: hii maji ni ya bamama. Akiweka kiatu yake pale, hakuna samaki leo, hakuna kesho."

Bwana alikuwa ameelewa bila mimi. Alinigeukia, uso mwekundu. Nyuma ya mama mudogo wanawake wengine walikuwa wamesimama na vikapu vyao, wakingoja, na hakuna hata mmoja aliyeshusha macho. Nilikuwa upande wangu wa meza kwa miezi mingi, na siku ile ningeweza kubaki upande ule. Nilivua viatu.

"Bwana, bakia ku barabara," nikasema. "Utapata samaki muzima. Ukishuka, utapata matope."

"Na nitajuaje kama hakuna dawa?"

"Utajua kwa damu. Si njo kazi yako?"

Papa Leonari aligeuka upande wa msitu ili asionekane anacheka. Bwana alikaa juu ya tanki la mafuta la kamyo, akavua kofia, na mtoto mmoja akaletwa na ndizi za kuchoma na karanga ili mgeni asife njaa. Nasi tukashuka. Tulitoa maji tangu umande ukiwa majanini hadi jua likawa juu ya vichwa, tukaimba, na ndiyo, jina la Papa Leonari liliimbwa, na la Bwana Damu pia, na ajenti wa kofia alipata ubeti mrefu kuliko wote. Nilikuwa sijashika tope tangu nianze kuvaa aproni nyeupe. Mgongo uliniuma. Kambare mmoja alinichoma kidole kwa mwiba wake, na mama mudogo akakinyonya kidole changu na kukitemea majani yaliyotafunwa, kisha akanirudishia kikapu.

Tuliwapeleka juu wakiwa wazima ndani ya mitungi ya maji. Niliosha mikono mbele ya watu wote, kwa sabuni, hadi kwenye viwiko. Nikakausha sindano. Papa Leonari akaja kusimama karibu, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue akamshika kambare yeye mwenyewe, kwa mikono miwili, uso umekunjamana, ili mimi nichome. Bwana alisema nusu watolewe damu pale pale na nusu wabebwe hadi kituoni, ili isije ikasemwa kwamba njia ndiyo iliharibu. Lilikuwa wazo zuri na nilimpa haki yake. Damu ikaganda. Tukazungusha mashine. Bwana akainua mrija juani, na yale maji ndani yake yalikuwa ya rangi ya nyasi kavu, safi kabisa.

Alinitazama. "Basi zile za kwanza?"

"Uliza samaki," nikasema.

Akamtazama mama mudogo, ambaye alikuwa amesimama kando ya njia, mtoto mgongoni, kimya. Mtu yeyote aliyemfahamu angejua kwamba kimya kile si cha kawaida. Bwana hakumfahamu, lakini hakuwa mjinga. Alifunga mrija kwa pamba, akaupanga na mingine, na hakuuliza tena. Wale wa kituoni pia walitoka safi. Baada ya siku chache mikanda ya karatasi ilining'inia kwenye kamba mbele ya dirisha, ya ziwani na ya mtoni bega kwa bega, na mistari yake ya buluu ilikuwa imesimama mahali pamoja, mmoja baada ya mwingine, kama watoto wa mama mmoja waliovalishwa nguo tofauti. Tilapia peke yake alikuwa na mpangilio wake. Papa Leonari alisogeza miwani, akatazama muda mrefu. "Kumbe ule wa kwenu ni wa kwetu," alisema. Nilimwambia kwamba yule wa kwao ndiye wa kwetu. Hatukukubaliana.

Kama habari ingeishia hapo nisingekuwa na jina la kuvua. Mkubwa wa Bwana alifika mwanzoni mwa mvua, mzee mwenye nywele nyeupe na kikohozi, na aliyemleta kwa gari lake alikuwa ajenti wa kofia. Waliingia wote watatu chumbani. Mimi nilikuwa mezani, Papa Leonari kando yangu. Mzee alitazama mikanda, akaipenda, akauliza maswali ambayo Bwana aliyajibu vizuri. Kisha akauliza kwa nini kazi yote ya kwanza ya Walikale ilitupwa. Kilikuwa ni kitu gani kilichoiharibu?

Bwana akafungua mdomo. Macho yake yakaenda kwa ajenti, aliyekuwa ameegemea mlango akisafisha kucha kwa kijiti. Ajenti alisikia neno Walikale, akaacha kucha. "Walikale wapi?" akauliza. Bwana akashika ukanda mmoja wa karatasi, akaurudisha kwenye kamba. Sijui angesema nini. Nimelifikiria maisha yangu yote, na bado sijui, kwa sababu sikumngoja. Sikutaka usalama wa mama mudogo uwe kitu cha kupewa au kunyimwa na mtu mwenye homa.

"Ni mimi," nikasema kwa Kifaransa changu cha masista. "Nilitia maji katika sindano."

Papa Leonari, ambaye ndiye aliyenifundisha kukausha, ambaye alikuwa ameshika kambare kwa mikono yake, akavuta pumzi ili aseme. Nilimkanyaga mguu chini ya meza, kwa nguvu. Mzee alisema maneno fulani juu ya mikono yetu, ya watu wetu wote, na sitayaandika hapa kwa sababu hayastahili karatasi. Ajenti akarudi kwenye kucha zake. Mzee akamwambia Bwana anitoe, amweke kijana wa shule. Na Bwana, ambaye alikuwa ameinua mrija ule juani kwa mkono wake, akainamisha kichwa akasema ndiyo. Nilimngojea aongeze neno. Hakuongeza. Nikavua aproni, nikaitundika msumarini, nikatoka nikiwa nimenyoosha shingo, na nilipofika kwenye kibanda nikaketi juu ya kuni. Papa Leonari alinifuata akichechemea. Aliniambia niende nyumbani, nikae kimya, pengine baada ya miezi michache atasema na masista. Karani mwenye viatu alipita akipiga mluzi. Kabla jua halijashuka kilima kizima kilikuwa kimesikia.

Asubuhi yake gari la ajenti liliondoka na mzee ndani. Nilisimama chini ya mkaratusi hadi nikaliona linapinda. Kisha nikaenda chumbani. Nikavaa aproni. Nikachemsha sindano, nikazikausha, nikazipanga, nikapuliza vidole. Bwana alipoingia alisimama mlangoni na pipa la samaki wa Mokoto nyuma yake, mikononi mwa wabebaji, maji yakimwagika kwenye saruji.

"Rejina," alisema. "Mukubwa alisema uende."

"Nilisikia."

"Alisema mbele ya bote."

"Na wewe ulinyamaza mbele ya bote. Mimi nilibeba kosa ya kwetu, nikabeba na ya kwako. Ile yote nimebeba. Hii meza sitakupatia." Sauti yangu haikuwa kubwa. Wabebaji walikuwa wanasikiliza, na sikujali. "Mukubwa alishaenda. Mimi niko. Leta samaki."

Akaleta.